Siku Moja na Ushei

Banda langu limeegemea jiwe.
Mabatini kila kitu kimeegemea jiwe:
choo cha jirani, kamba ya nguo, mkopo wa kikoba.
Mvua ikinyesha huko juu
maji hupita katikati ya kuku
kama wageni wasiobisha hodi.

Kuku watano. Mlangoni nimechora kwa mkaa
siku za juma, na chini yake vijistari.
Kishingo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kapumzika.
Nansio, aliyevuka na kivuko ndani ya kikapu,
hutaga mfululizo, halafu husahau kabisa
kazi aliyoitiwa.
Yule mwekundu nimemwita Mgao.
Mnajua kwa nini.

Lugembe wa genge aliyapanga mayai yangu kwenye trei
akayageuza kama mtu anayekagua noti.
"Mama Milembe, hili jeupe si la kienyeji.
Na hili la rangi ya chai? Na hili lenye madoa?
Wateja wataniuliza nimechanganya na ya wapi."
Nikamwambia, njoo uwatazame ndewe.
Mwenye ndewe nyeupe, ganda lake mara nyingi jeupe;
mwenye ndewe nyekundu huelekea udongo.
Rangi ya ganda ni ya ukoo, kama pua.
Ndani ni habari nyingine: ndani ni mchicha,
ni dagaa wa Mwaloni, wale waliovunjikavunjika
ambao mzani huwadharau.
Akapasua moja. Kiini kikakaa katikati ya sahani
cha njano hadi kinakera.
Akalipa. Radhi hakuomba;
aliongeza kitunguu.

Likaja juma la kicheche.
Hakumchukua yeyote, alikwaruza bati tu
usiku kucha, kama mdai.
Asubuhi Mgao akatoa yai lililopauka,
lina vumbi la chokaa,
kana kwamba lilikimbia kabla ya kupakwa rangi.
Kisha kimya. Manyoya yakamdondoka shingoni, mkiani,
akabaki kama mto wa kulalia ulioraruka.
Mume wangu akanoa kisu kwa macho.
"Huyu ameshaisha."
Nikasema, subiri. Anashona nguo.
Hawezi kushona na kutaga kwa pamoja.

Sikumwambia kwamba kwenye mlango uleule,
pembeni, chini ya bawaba,
ipo safu ya sita isiyo na jina.
Vijistari vyake vilikuwa vikija kila mwezi, kama kodi,
halafu baada ya wiki saba,
halafu wiki tatu,
halafu Julai nzima, hakuna.
Miaka arobaini na tisa. Usiku naamka nimelowa,
nafungua dirisha upepo wa ziwa unishike shingo.
Zahanati walinipa dawa ya malaria.

Mtaalamu wa mifugo wa kata, binti wa buti za mvua,
alikuja na chanjo ya mdondo.
Tone moja jichoni, anayefuata.
Nikamuuliza kuhusu kuku. Kuhusu kuku tu.
Akasema: yai, mama, halitimii kwa siku moja.
Linataka siku moja na ushei.
Leo saa moja asubuhi, kesho saa mbili na nusu,
keshokutwa saa nne, linasogea, linasogea,
mpaka jioni inamkuta njiani, na jioni hatagi,
basi anaruka siku, anaanza upya.
"Hachelewi," akasema, akifunga kichupa.
"Siku zetu ndizo fupi."

Nilisimama na ndoo mkononi
mpaka kuku wakaanza kunidonoa vidole vya miguu.

Mgao alirudi mwezi wa pili, mweusi wa kumetameta mkiani,
yai lake la kwanza limekolea kama kahawa ya Bukoba.
Nikachora kijistari. Mume wangu nyuma yangu,
ameinama, anasoma mlango mzima
kwa mara ya kwanza, polepole, hadi kwenye bawaba.
"Na huyu wa sita ni nani?
Mbona mwezi mzima hana kitu?"

"Anashona," nikamjibu.

Hakucheka. Akachukua ndoo.