Nati ya Kengele

Jana usiku niliupima mzigo kwa mizani ya jikoni,
kipande kimoja kimoja, kama muuza nyama:
kamera ya mbao, kilo sita na robo,
miguu yake mitatu, kilo nne,
lenzi mbili ndani ya soksi za sufu za marehemu Arantxa,
vibebeo vitano, kila kimoja na filamu mbili,
yaani ruhusa ya kukosea mara kumi,
na kitambaa cheusi ambacho hakina uzito
mpaka mvua ya huku kwetu ikikute nacho.

Binti yangu Nahia akasema: Baba, simu yako inapiga picha.
Na jokofu letu linagandisha barafu, nikamjibu,
mbona watu bado wanapanda milima ya theluji?
Hakucheka. Aliufunga mzigo kwenye tela kwa kamba za mpira,
akizivuta kwa hasira ya mtu anayempenda mbishi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
lakini wewe, baiskeli, methali hiyo hukuisikia.
Pale darajani ulinguruma kidogo
kama paka aliyeamshwa,
ukaubeba mlima pamoja nami nusu kwa nusu.
Hapana, nisidanganye:
theluthi yangu, theluthi mbili zako.
Goti la kushoto, lililozisusa ngazi za kanisa tangu Pasaka,
lilizunguka bila neno.

Baada ya nyumba ya mwisho lami ikaisha.
Kokoto.
Nyuma yangu kila kitu kikaanza kuzozana na kila kitu,
shaba na mbao, kioo na bati.
Nikapunguza mwendo.
Betri vijiti vitatu. Kona mbili. Vijiti viwili.

Juu, kwenye zizi la Eneko Zubiaurre,
ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka kwenye mawe.
Nikaisimamisha kamera, nikaukunjua mvukuto,
na uso wake wa mbele ukainama kama mlevi.
Nati moja haipo.
Nati moja, ndogo kuliko punje ya hindi,
imelala popote katika kilomita nne za kokoto.

Nikaketi ukutani. Nikatukana kwa Kibaski,
matusi yakaniishia, nikaazima ya Kihispania.
Eneko akatoka na ndoo.
Akaitazama kamera. Akakutazama wewe.
Kisha kwa kidole kinachonuka maziwa ya kondoo
akaigonga kengele yako:
ngring.

Iliingia. Si sawasawa,
iliingia kwa kubembelezwa
na kwa koleo lake la kukatia waya.

Nikajifunika kitambaa.
Mle gizani, kwenye kioo cha ukungu,
kondoo walining'inia kwenye majani kama popo,
zizi likasimama kwa paa,
na Eneko, anayeliuza kundi lote wiki ijayo
ahamie chumba cha nyuma kwa mwanawe mjini,
alikuwa kichwa chini, kofia kichwani,
na hakuanguka.

Tulia, nikamwambia. Sekunde mbili.
Alitulia.
Kondoo mmoja hakutulia.

Mwanga ukabadilika kabla sijageuza kibebeo,
basi, imetosha.
Kile kikombe cha kengele kisicho na nati
nilimwachia. Akakitia mfukoni
bila kuuliza ni cha nini.

Wakati wa kushuka sikukutoza hata kijiti kimoja.
Ila kila kona nililia mwenyewe kwa kinywa,
ngring, ngring, mzee wa miaka sitini na minane,
na kijana mmoja mwenye nguo za mashindano
akanipisha, akanitazama mpaka nikapotea.

Ngapi? akauliza Nahia mlangoni.
Moja.
Akaichomeka betri ukutani,
akaenda kupekua droo, akitafuta nati.