Mlango

Asubuhi ninao watoto wa darasa la nne,
thelathini na mmoja, kamasi na kelele.
Nawaambia: andikeni kuhusu mlango.
Hakuna anayeuliza mlango gani.
Tekle, mlango wake una meno
na hula viatu vya wageni, cha kushoto tu.

Jioni, Chiatura ikishawasha taa za bondeni,
wanakuja wakubwa. Makoti hawavui.
Mlango gani, mwalimu? Wa mbao? Wa chuma?
Kurasa ngapi? Makosa utayahesabu?
Murman, miaka ishirini na tisa mgodini,
anaandika kama anayejaza fomu ya bima:
"Mlango wa kizimba cha kushukia. Chuma.
Ulifungwa saa kumi na mbili kamili."
Nukta. Kalamu chini. Mikono mapajani.

Nilikuwa na maneno ya kumfundishia,
maneno ya semina, yenye tai shingoni.
Nikayameza.

Wiki iliyofuata nikampa Tekle ile karatasi.
Akaisoma akitafuna ncha ya msuko wake,
akaandika pembeni kwa penseli ya kijani:
Ulinukaje?
Na nani alibaki nje?

Murman aliyasoma hayo akiwa amesimama.
Akayasoma tena.
Akavua koti.

Wenzake wameshaondoka, nimefunga madirisha,
nimezima hita, chaki nimezihesabu mara mbili,
naye bado anaandika, ulimi nje kidogo
kama mtoto;
nami mwenye funguo
nimekaa kwenye kiti cha darasa la nne,
magoti karibu na kidevu,
sikohoi.