Wiki ya Kumi na Moja, Saskatoon

Kitabu cha kampuni kina kurasa mia nne.
Kinataja rangi ya ukuta: chungwa, nambari saba.
Kinataja hatua kutoka mlangoni hadi kaunta.
Hakisemi lolote kuhusu Orest, fundi bomba:
anafika saa tatu, ananusa hewa, anasema,
"Ardhi imeganda, Ligaya. Leo hatuchimbi."

Nami nimeshalipa kodi ya miezi mitatu
ya chumba kisichouza hata kikombe.

Mkaguzi kapima mlango wa choo:
umepungua vidole viwili. Bomoa.
Nikabomoa. Haba na haba hujaza kibaba;
changu kinavuja upande wa benki.

Jana oveni zilifika kabla ya umeme.
Tukazipanga gizani, ndani ya nailoni,
kama wageni waliowahi arusi.

Usiku nikarudi na tochi.
Saruji ilikuwa imefunikwa blanketi.
Nikainua pembe, nikagusa: vuguvugu.
Hapo, karibu na bomba, Orest alikuwa ameandika kwa msumari
jina la marehemu mume wangu,
Dionisio,
akasahau i moja.

Kitabu hakiruhusu.
Vigae vinakuja Alhamisi.