Kadi Haijaingizwa

Gari nimelitoa bandarini Jumanne,
baada ya miezi miwili ya njoo kesho na ushuru juu ya ushuru,
na kila nikigeuza ufunguo mwanamke ananisemesha
kutoka ndani ya dashibodi.
Sauti safi, ya mtu aliyelala akatosheka.
Sentensi ileile, kila alfajiri, hapa Tabata.
Fundi Mbegu alisema, "Anakutakia safari njema."
Mama Shukuru wa nyumba ya pili akasema ni dua.
Basi nikawa namwitikia: Amina, na wewe pia.

Juzi nikamrekodi, nikamtumia kaka yangu Kondo.
Yuko huko mwaka wa sita, anaogesha wazee.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Hakutakii kitu. Anasema kadi haijaingizwa."
Kadi ya nini?
"Ya kulipia barabara. Barabara za huku."
Kimya. Kisha:
"Hata mimi ndiyo salamu yangu. Nashuka stesheni
na mfuko wa vitunguu, askari wawili,
wapole, wanainama kidodo hivi:
kadi."

Ana bibi mmoja anayemwogesha, Hatsue,
mifupa ya njiwa, miaka themanini na minane.
Alikuwa na minane tu mji wao ulipoungua.
Baada ya vita walikula mashina ya viazi vitamu,
walikula na majani, kwa chumvi ya kuhesabu,
na mama yake alipanda treni na kimono cha harusi
akarudi na nusu debe la viazi.
Husimulia haya akikatwa kucha.
"Kwetu hayo majani ni matembele," Kondo akamwambia,
"tunayaunga kwa nazi. Tunayanunua, kwa hiari yetu."
Bibi akamtazama kama mtu aliyesikia kuna nchi
watu hujipikia msiba wakakaribisha wageni.
Akamuuliza jina lake lina maana gani.
Akamwambia: vita. Jina la babu.
Siku ile hakutaka kuoga.

Mumewe alikaza nati miaka thelathini na mitano,
akitoka watoto wamelala, akirudi wamelala.
Likaja friji, ikaja televisheni, likaja gari,
kikaja kimya.
Shule ya mtaani wameifunga, watoto hakuna,
na mkono wa kumgeuza kitandani
umetoka Temeke, Mtoni kwa Azizi Ali.

Jumapili likapita gari la vipaza sauti chini ya dirisha.
Wageni warudi kwao, wageni warudi kwao.
Bibi, masikio mazito, akauliza, "Wanauza nini?"
Huko muuza viazi vya kuchoma naye hupita hivyohivyo,
akitangaza mtaa kwa mtaa.
"Viazi, bibi," Kondo akasema.
"Usininunulie. Nilikwisha kula vya maisha."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kusimama.
Maana Jumamosi, dukani kwangu Gerezani,
Mchina amefungua mlango wa mbele yangu,
breki pedi zilezile, nusu ya bei yangu,
na mimi, kwa mdomo huu niliosomea madrasa,
nimesema kwa sauti, ili mteja asikie:
"Hawa nao wangerudi kwao."
Binti yake alikuwa anafagia kizingiti.
"Karibu, dada," akaniambia, Kiswahili kimenyooka.
Akaendelea kufagia, mpaka upande wangu.

Fundi Mbegu anataka elfu kumi na tano
aikate waya ile sauti inyamaze.
Nimemwambia nitafikiria. Sijafikiria.
Asubuhi inaongea, nami siitikii Amina tena,
nangoja imalize ndipo nitie gia.

Jana usiku ujumbe wa Kondo:
bibi ameomba kuonja. Ncha ya kijiko.
Matembele ameyaotesha kwenye ndoo, baraza la nyuma,
nazi ni ya kopo.
Amefumba macho muda mrefu,
mpaka Kondo akashika kengele ya kumwita nesi.
Kisha akasema
chumvi haitoshi.