Nyuma ya Droo

Nililinunua kwa dola thelathini
na ahadi ya kulitoa kabla ya saa sita mchana,
maana nyumba ya Bi Hildur Aune ilikwisha kupata mnunuzi
na wapwa zake walitaka sakafu tupu.
Kabati la vyombo, refu kunishinda,
milango miwili ya kioo, mguu mmoja umeliwa na unyevu,
na rangi juu ya rangi juu ya rangi,
kama mtu aliyevaa makoti yake yote kwa siku moja.

Arvid alilitazama mgongoni mwa gari.
"Hilo?" akasema. Basi.
Duluth, mwezi wa Januari, maneno huhesabiwa
kama kuni.

Gereji. Hita inakoroma miguuni pangu.
Mzee Kivela wa nyumba ya pili,
aliyepaka rangi meli za chuma miaka thelathini,
alikuja kunigombeza kabla hajanisalimu:
Usisugue kavu! Rangi za zamani zina risasi.
Funga barakoa. Lowesha. Kwangua taratibu.
Akakaa saa mbili, anaelekeza kwa kidole,
hagusi kitu.

Nyeupe ilibanduka kwanza, kwa magamba.
Chini yake waridi,
ya enzi ile hata friji zilikuwa za waridi.
Chini ya waridi, kijani cha hospitali,
kisha kahawia, nene, yenye inda,
iliyonichukua Jumapili tatu na kucha mbili.
Na mwisho mwaloni wenyewe,
umepauka kama mguu uliofunguliwa plasta.

Droo ya chini ilikwama.
Nikaipaka sabuni, nikaibembeleza, nikaitukana;
ilipotoka ilitoka yote, nami nikaketi chini bila kupenda.
Ndani, kizibo cha chupa.
Lakini nyuma, upande ambao mgeni haoni,
mwandiko wa penseli, mdogo, ulionyooka:

*1949. Kikombe. Mimi, nikicheka.*
*1952. Kisahani. Einar. Anakana.*
*1952. Kisahani. Einar. Anakana tena.*
*1960. Birika la kahawa. Paka.*
*1963. Sahani sita. Hatulizungumzi.*
*1971. Bakuli la supu. Mama mkwe.*
*Lilikuwa zawadi yake mwenyewe. Nilimshukuru.*
*1988. Kikombe. Mikono.*
*1994. Kikombe. Mikono.*
*2003. Mikono.*

Hapo hakuandika chombo gani.

Mzee Kivela alivua miwani, akaifuta,
akaivaa, akasoma upya.
"Einar nilimfahamu," akasema.
"Alikana kila kitu."

Bawaba nilizichemsha kwa siki kwenye sufuria mbovu,
shaba ikaibuka, ikanikonyeza.
Mguu ulioliwa nikauunga kwa gundi na kipande cha ufagio.
Halafu rangi: bluu, mikono miwili,
na unywele mmoja wa mbwa wetu
umelala ndani yake hata leo, karibu na kitasa.
Utafute ukipenda. Mimi nimeacha.

Kioo cha kulia kilikuwa kile cha kwanza,
chenye mawimbi, kinachopinda dirisha la mtu wa pili
likawa kama limezama majini.
Nikakilinda wiki saba.
Wiki ya nane nikageuka kuchukua brashi,
na kiwiko changu kikaenda peke yake.

Mlio ule Arvid aliusikia jikoni.
Alikuja, akatazama vipande, akanitazama,
akachomoa penseli sikioni
na kunipa.
*Kioo cha kulia. Mimi. Kiwiko.*

Sasa limesimama chumba cha kulia,
limejaa vikombe visivyojuana.
Kila mahali nimepaka, hata chini ya rafu,
isipokuwa ubao ule mmoja.
Jana nilivuta droo nitafute kitambaa;
nikahisi imerudishwa upande.
Nikaigeuza.
Chini ya mstari wangu kulikuwa na mwandiko mwingine,
wa herufi kubwa, za fundi:

*KISAHANI. SIJUI NANI.*