Neno Juu ya Uso

Laki mbili na elfu ishirini, kila mwezi,
na si kununua, anasema Andama, ni kukodi:
ukiacha kulipa mlango unafungwa
na kazi zako zinabaki ndani.
Kama nyumba, nikamwambia.
Kama nyumba, akajibu, ila hii haina choo.

Tulicheka. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne,
na Arua nzima ilinguruma kwa jenereta za watu wengine.

Nageuza daftari la madeni, nahesabu upande wa nyuma.
Kadi mia za harusi: faida elfu themanini.
Muhuri wa mpira: elfu kumi na tano.
Fulana za timu ya Ociba, hawajamaliza kulipa;
nahodha wao siku hizi anapita ng'ambo ya barabara.
Bango la kanisa, bei ya Mungu, yaani bure.
Toa pango. Toa karatasi inayotoka Kampala.
Toa wino, ghali kuliko manukato.
Kinachobaki, dola itakimeza
bila hata kutafuna.

Miaka sita tumetumia ile ya flashi,
aliyotuletea kijana wa Nasser Road
ndani ya mfuko wa shati, kama tumbaku ya magendo.
Elfu ishirini, na soda moja.
Na ilifanya kazi, nisiseme uongo.
Imeoza mabinti wa Mvara, imebatiza, imehitimu,
imegombea udiwani mara mbili
na mara moja ikashinda.
Sikuwahi kuiita wizi.
Niliiita "ile yetu".

Mpaka Ijumaa ile, jua limeshazama,
Bwana Onzima akaingia na picha ya mkewe
aliyoikata kwenye picha ya walimu wote;
bega la mtu mwingine bado lilikuwa limeshikamana naye.
Ratiba mia mbili. Mazishi saa nne asubuhi.

Usiku wa manane ile yetu ikazinduka,
ikakumbuka haikuwa yetu.
Katika kila ukurasa, mshazari,
kutoka kipaji cha uso hadi kidevu cha mwalimu,
herufi za kijivu:
NAKALA YA MAJARIBIO.

Andama aliizima, akaiwasha.
Akairudisha tarehe ya kompyuta nyuma miaka miwili,
hadi siku ambazo marehemu alikuwa bado
anasahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu.
Haikukubali.

Basi mkasi. Basi gundi.
Tulitoa picha peke yake kwenye mashine ya fotokopi,
tukambandika mama wa watu mara mia mbili
juu ya lile neno, kwa mkono,
hadi vidole vikashikana na majogoo yakawika.

Mume alilipa zote. Hakuomba punguzo.
Alichukua moja, akapitisha kidole gumba
kwenye ukingo wa picha, pale ilipoinuka kidogo,
akaubonyeza ulale.
Hakuuliza.

Hilo sijui naliandika safu gani.

Ipo nyingine, Andama anasema, ya bure na ya halali,
ila itabidi mkono ujifunze kutembea upya,
na wateja hawangoji mkono.
Ipo pia njia ya kunyamaza:
flashi nyingine, kijana mwingine, soda nyingine.
Huu ndio ushauri wa mtaa mzima,
na mtaa mzima unakula.

Nimemwambia mwezi mmoja. Desemba, msimu wa harusi.
Januari tutahesabu, na hesabu ikigoma
tutajifunza kutembea.

Alipotoka kununua mafuta ya jenereta
nikafungua daftari upande wa mbele,
na chini ya nahodha wa Ociba
nikaandika jina langu.
Mbele yake, penye kiasi,
nimeacha wazi.