Siku ya Arobaini na Moja

Kitanda kimeinamishwa nyuzi sita, kichwa chini, miguu juu,
nami Gorazd, mwashi wa Mojstrana,
nalipwa kulala.
Siku sitini. Deni la mashine ya zege
halikuniachia nafasi ya kuchagua.

Nakula chali. Naoga chali, juu ya toroli la plastiki.
Nje theluji inaanguka mshazari,
au mshazari ni mimi.
Kila tone la mkojo linaingia chupani,
na Zala, nesi wa zamu, analipima kama dhahabu.

Leo Daktari Brigita kaja na karatasi: chokaa imezidi tena.
"Kalsiamu," akajirekebisha. Basi, chokaa.
Naijua. Miaka ishirini na sita nimeikoroga, nimeipaka,
imenila kucha.
Ila sikujua kuwa nyumba inaweza kuikojoa.

Nyuma ya karatasi akanichorea mfupa:
vijumba visivyo na mlango,
na katika kila kijumba seli moja, imezikwa hai,
imenyoosha vidole katika vifereji vyembamba kuliko unywele
ili kuwashika majirani.
Ukipiga hatua, mfupa unapinda. Unapinda, Gorazd, usicheke,
kidogo mno; maji ya vifereji yanasukumwa,
yanampapasa yule wa ndani,
naye anajua: mwenye nyumba yupo.

Na nisipopiga?

Maji yanatuama.
Seli inasubiri siku, inasubiri nyingine,
kisha inaosha mwiko wake, inakunja kamba ya kupimia,
kama fundi aliyeambiwa kazi hakuna,
na inajizima.
Haifi kimya. Kufa kwake kunawaita wabomoaji,
nao huja na tindikali, huchimba pale pale.
Zilizobaki hai zinapeleka neno kwa wajenzi: laleni.

Hakuna adui hapa. Hakuna homa, hakuna risasi.
Ni starehe tu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sawa. Lakini mimi nimekatazwa hata kukaa.

Saa tisa usiku nikagonga.
Kisigino kwenye chuma cha kitanda: ko. Ko.
Si kwa hasira. Nilikuwa nabisha hodi
mguuni mwangu mwenyewe,
kisha nikatega sikio, kama mjinga,
nikingoja nani aseme karibu.

Zala akaja mbio, tochi mkononi.
"Unaharibu vipimo."
"Nawajulisha kwamba nipo."
Akanitazama. Akaandika, maana lazima aandike:
saa tisa na dakika nane, mguu wa kulia, mara saba.
Halafu akaketi ukingoni, akauliza
kama ni kweli kubomoa kuna haraka kuliko kujenga.
Nikamsimulia ukuta wa zizi la mzee Hlebanja:
siku moja tuliuangusha, vuli nzima tuliusimamisha,
na mawe mengine yalikataa kurudi mahali pake.

"Siku kumi na tisa," akasema. Sikujibu.

Akaichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga.
Maji ya manjano, safi, hamna hata chembe ya kuonekana.
Akaipima. Akaandika.